Mwaminifu Hata Mwisho: Neno Fupi na Njia Ndefu ya Unyanyembe



Usharika unapotimiza miaka 100 huandika kitabu, na kila kitabu cha namna hiyo kina kurasa za majina ya waliotangulia. Chini ya kila jina huwekwa maneno matatu au manne: mtumishi mwema, nguzo ya Kanisa, mama mwenye huruma. Maneno hayo huandikwa na kamati, aghalabu usiku, wakati mpiga chapa amekwisha kupiga simu mara mbili. Si ajabu basi kwamba marehemu kumi hugawana sifa moja, na watoto wao wakasoma wasimwone baba wala mama.

Hata hivyo ni vigumu kuyadharau maneno mafupi. Kila mtu, akiisha kufa, hubaki kwa watu kama sentensi. Wajukuu hawakumbuki hotuba nzima ya babu. Wanakumbuka neno alilozoea kulisema. Kwa hiyo swali la mada hii ni hili: je, maneno machache yanaweza kubeba maisha ya mtu na imani yake pasipo kuyapunguza? Na ni nani mwenye haki ya kuyachagua?

Walutheri wanao mfano wa nyumbani. Tarehe 16 Februari 1546, katika mji wa Eisleben alikozaliwa, Martin Luther aliandika kikaratasi. Alikuwa mgonjwa, mwenye miaka 62, naye alifariki siku mbili baadaye. Katika kikaratasi hicho alisema jinsi ilivyo kazi kubwa kuyaelewa Maandiko, hata kwa mtu aliyeliongoza Kanisa muda mrefu. Mwishoni aliweka maneno machache, nusu kwa Kijerumani, nusu kwa Kilatini: sisi tu waombaji, hilo ni kweli. Mtu aliyejaza rafu nzima za vitabu alijumlisha hesabu yake yote kwa mstari mmoja. Kiswahili kinautendea mstari huo wema ambao Kijerumani hakikuweza. Kwa Kijerumani neno alilotumia ni ombaomba wa njiani tu. Kwa Kiswahili mwombaji ni yule anayenyoosha mkono barabarani, na pia ni yule anayepiga magoti mbele za Mungu. Luther alikuwa yote mawili.

Lakini huo ni mfano wa mtu mashuhuri aliyejiandikia mwenyewe. Mfano ulio karibu zaidi na wenyeji wa Tabora umo katika barabara yao wenyewe, ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyanyembe na kuendelea Ujiji. Nao ni mfano wa watu wasiopewa nafasi ya kujiandikia.

Kilomita chache kutoka Tabora mjini, huko Kwihara, lipo tembe linalotunzwa kama makumbusho. David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika hapo Februari 1872, wakitoka Ujiji. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki akingoja watu na mizigo aliyoahidiwa. Alingoja zaidi ya miezi mitano. Katika kungoja huko, tarehe 1 Mei 1872, alimaliza barua kwa gazeti la New York Herald juu ya biashara ya watumwa, ambayo aliifananisha na donda la ulimwengu lililoachwa wazi, akamwombea baraka kila mtu, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki, atakayesaidia kuliponya. Alifariki mwaka mmoja baadaye. Maneno hayo ya barua ndiyo yaliyochongwa juu ya kaburi lake katika kanisa la Westminster Abbey, London. Wageni wanaopita juu ya jiwe lile kila siku wanakanyaga sentensi iliyoandikwa Tabora, na wengi wao hawajui Tabora iko wapi.

Kwihara ilitoa kitu kingine pia. Mwezi Agosti 1872 waliwasili pale wapagazi na watumishi waliopelekwa na Stanley kutoka pwani, wapatao 57. Miongoni mwao walikuwamo vijana kadhaa waliosoma Nasik, nchini India, katika shule ya misheni ya Kianglikana iliyowalea Waafrika waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mmoja wao aliitwa Jacob Wainwright. Kwa asili alikuwa Myao. Jina lake la kwanza, lile aliloitwa na mama yake, limepotea. Hilo la Wainwright alipewa baada ya kukombolewa. Alijua kusoma na kuandika Kiingereza. Tarehe 25 Agosti msafara uliondoka Kwihara kuelekea kusini, ukizunguka Ziwa Tanganyika na kuingia katika nchi ya mabwawa ya Bangweulu. Livingstone hakurudi tena akiwa hai.

Alifariki kwenye kijiji cha mtemi Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi, lakini husimuliwa upesi mno, kana kwamba yalijitendea yenyewe. Wale watu wangeweza kumzika hapo hapo na kwenda zao. Hakuna Mzungu aliyekuwapo wa kuwaamuru. Walikaa baraza, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliokuwa wamefuatana na Livingstone kwa miaka mingi, wakakubaliana kuupeleka mwili wake pwani pamoja na kila karatasi na kila chombo. Jacob Wainwright aliandika orodha ya vitu vyote mbele ya mashahidi. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma ibada ya maziko. Mwili ulitiwa chumvi na kuanikwa juani kwa muda wa wiki mbili, ukafungwa kwa kaniki na gome la mti, ukashonewa turubai na kufungwa katika mti wa kubebea.

Kabla ya kuondoka Jacob aliombwa kuchonga maandishi katika ule mti. Alichonga jina la Livingstone, tarehe, na majina matatu ya viongozi wa msafara. Aliyaandika kama alivyoyasikia: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Wawili wa mwisho wanatambulikana kuwa ni Manua Sera na Chowpereh. Masikio ya Tabora yatashtuka kidogo kwa jina la Manua Sera, kwa kuwa ndilo jina la yule mtemi Mnywa Sele wa Unyanyembe aliyepigana na Waarabu katika miaka ya 1860. Huyu wa msafara ni mtu mwingine. Tarehe iliyochongwa ni 4 Mei, ilhali vitabu na jiwe la London husema 1 Mei. Waliokuwa porini na maiti hawakuwa na kalenda ukutani.

Jambo la kuangaliwa katika maandishi yale ni lisilokuwamo. Jina la mchongaji halimo. Kisu kilikuwa mkononi mwake, gome lilikuwa pana, na hakuna aliyekuwapo wa kumzuia. Aliandika majina ya wengine akaacha la kwake.

Mwaka 1899 mti huo ulikatwa kwa sababu ulikuwa unaoza, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London kwa Chama cha Kifalme cha Jiografia.

Kutoka kwa Chitambo walitembea miezi mitano kufika Unyanyembe. Wengine walikufa njiani kwa maradhi. Walipokaribia walisikia kwamba pana Wazungu Kwihara, na kwamba mmoja wao ni mwana wa Livingstone. Jacob akaandika barua ya kumpasha habari za msiba, na Chuma akatangulia nayo, akafika tarehe 20 Oktoba 1873. Habari ile haikuwa sahihi. Mwana wa Livingstone alikuwa amekwisha kurudi kwao mwaka uliotangulia. Aliyekuwapo ni Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumtafuta na kumsaidia Livingstone, akiwa mgonjwa wa homa yeye na wenzake Dakta Dillon na Luteni Murphy.

Basi hapa Tabora ndipo palipotokea jambo ambalo mada hii inalitegemea. Cameron aliwashauri wauzike mwili Unyanyembe. Sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Njia ya Ugogo ilikuwa ya hatari, na watu wa njiani walichukia kupitishiwa maiti katika nchi yao. Aliyesema ni afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza; waliosikiliza ni wapagazi na watumishi, baadhi yao waliwahi kuwa watumwa. Kwa desturi za wakati ule jambo lilikuwa limekwisha.

Wapagazi walikataa.

Walikataa kwa adabu, na hawakuyumba. Cameron alichukua sehemu kubwa ya vyombo vya Livingstone vya kupimia ili avitumie katika safari yake, nao hawakuweza kumzuia. Lakini mwili hawakuuacha. Waliondoka Unyanyembe kuelekea mashariki, Dillon na Murphy wakifuatana nao. Haikuchukua muda Dillon, aliyechanganyikiwa kwa homa, akajiua kwa bunduki. Karibu na mahali panapoitwa Kasekera wenyeji walikataa katakata kupitisha maiti. Hapo Susi na wenzake wakafanya hila. Walifunga mabua ya mtama kwa umbo la maiti, wakawapa watu sita wayabebe kwa heshima zote kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku wale sita wakayatupa mabua porini. Mwili wenyewe ulifungwa upya, ukafupishwa, ukaonekana kama robota la nguo kama marobota mengine yote yaliyopita katika njia ile. Walimu wa maadili wakitaka kujadili hila hiyo wana nafasi yao. Kilicho dhahiri ni kwamba aliyeitunga hakuwa mtu wa kutii tu.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Jina la mji huo lenyewe ni sentensi fupi iliyobebeshwa maisha ya wapagazi. Wapo wanaosema ni kubwaga moyo, yaani kuutua na kuupumzisha baada ya safari. Na wapo wanaosema ni kuuacha moyo nyuma, kwa sababu ya watumwa waliopandishwa majahazini pale. Njia ni ile ile na herufi ni zile zile, ila inategemea mtu alifika akiwa amebeba au akiwa amefungwa. Mwili ulipokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, kisha meli ya Kiingereza ikauchukua kwenda Unguja. Wapagazi walilipwa mishahara yao, wakaambiwa basi. Hapakuwa na sherehe.

Jacob peke yake alifuatana na mwili mpaka Uingereza, na nauli yake ililipwa na Church Missionary Society, wale Waanglikana waliomlea Nasik. Tarehe 18 Aprili 1874, Livingstone alipozikwa, Jacob alikuwa mmoja wa wanaume wanane waliosindikiza jeneza, pamoja na Stanley na Dakta Kirk. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baada ya maziko, kwa gharama za rafiki mmoja wa marehemu, wakamsaidia Mchungaji Horace Waller kuyatengeneza madaftari ya mwisho ya Livingstone yawe kitabu.

Juu ya kaburi liliwekwa jiwe. Sentensi yake ya kwanza kabisa, hata kabla ya jina la marehemu, inasema kwamba ameletwa na mikono yenye uaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Ni sentensi nzuri. Haki ya wapagazi kutangulia imetambuliwa: jiwe linawataja wao kwanza, halafu ndipo linamtaja mkubwa wao. Lakini jiwe lina mikono, halina majina. Mti wa Chitambo, uliochongwa kwa kisu na kijana aliyesoma misheni, ulikuwa na majina. Kwa hesabu hiyo mti uliandika vizuri kuliko jiwe.

Mwaka huo huo wa 1874 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitengeneza medali za fedha 60 kwa ajili ya wale waliobeba. Upande mmoja una sura ya Livingstone. Maneno yaliyochaguliwa kwa wapokeaji, yakitafsiriwa, ni haya: mwaminifu hata mwisho. Medali zilipofika Unguja watu walikuwa wamekwisha kutawanyika katika misafara mingine, kwa sababu mpagazi hali medali.

Mwaminifu hata mwisho! Msomaji wa Biblia anatambua mara moja mwangwi wa barua kwa Kanisa la Smirna, katika kitabu cha Ufunuo, ambako Kristo anaomba uaminifu wa namna hiyo na kuahidi taji. Waliochagua maneno ya medali waliijua Biblia yao. Na hapa ndipo inapofaa kusimama kidogo, kwa kuwa maneno ni karibu yale yale lakini sura imebadilika. Katika barua ya Smirna uaminifu ni kwa Kristo aliyekufa akawa hai. Katika medali, sura iliyochongwa ni ya bwana wa safari. Mtu akiishika medali ile mkononi anaweza kuelewa kwamba uaminifu ni sifa ya mtumishi kwa mkubwa wake, kama vile mbwa husifiwa na mwenye nyumba. Hapana shaka wengi wa wakati ule walielewa hivyo, na wapo walioendelea kuelewa hivyo katika makanisa, wakamwita mwinjilisti mwaminifu kwa maana ya kwamba hakuwahi kumbishia mmisionari.

Kama maana ni hiyo, basi maneno ya medali ni ya uongo kwa habari ya watu wale, kwa sababu tendo lao kubwa kuliko yote, lile la Kwihara, lilikuwa ni kukataa. Kama wangalikuwa waaminifu kwa maana ya utii, Livingstone angalizikwa Tabora.

Kiswahili kina msaada wake katika jambo hili. Imani, uaminifu na amana ni maneno ya shina moja. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwa mwingine ili kifike kilikokusudiwa kikiwa kizima. Kila mpagazi wa Kinyamwezi aliyewahi kutoka Unyanyembe na pembe begani alijua amana ni nini kabla hajasikia mahubiri yoyote. Mzigo si wake, faida yake haimhusu sana, na bado heshima yake yote imo ndani ya mzigo ule. Wala si lazima mtu awe na nia moja tu, iliyo safi kama theluji ya Kilimanjaro. Watu wa Chitambo walikuwa na hofu pia. Mwaka 1866 wapagazi kutoka kisiwa cha Nzwani walimtoroka Livingstone wakaja Unguja na kusema ameuawa, na uongo wao ukagunduliwa. Susi na wenzake walijua kwamba wakifika pwani mikono mitupu wataulizwa maswali yale yale. Mwili ulikuwa ushahidi wao. Uaminifu na kuogopa kusingiziwa vilitembea pamoja katika njia moja, na hakuna sababu ya kuvitenganisha kwa ajili ya kupamba hadithi.

Tena imani zao hazikuwa moja. Jacob na vijana wa Nasik walikuwa Wakristo. Chuma, Myao aliyeokolewa katika msafara wa watumwa mwaka 1861, alibatizwa India mwaka 1865 kwa jina la James. Susi, mwenyeji wa Shupanga kwenye mto Zambezi, alikuwa Mwislamu alipoubeba mwili wa mmisionari. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, miaka 13 baada ya Chitambo, akachagua jina la David. Hilo nalo ni neno moja lililobeba miaka mingi. Wala halikuandikwa na kamati. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891.

Wapo ambao hata mti haukuwaandika. Katika msafara walikuwamo wanawake. Halima alikuwa mpishi wa Livingstone, naye anatajwa mara kadhaa katika madaftari yake, mara kwa sifa na mara kwa lawama za jikoni. Ntaoeka alikuwa mke wa Chuma. Hawa walitembea njia ile ile, walipika katika mvua ile ile, na hakuna jiwe lililosema mikono yao ilifanya nini. Wanausharika wanaoshika kitabu hiki cha miaka 100 watakumbuka ni mara ngapi taarifa za zamani husema "mwalimu fulani na mkewe", kisha mkewe huyo akafundisha kwaya, akapokea wageni, akalea yatima na kuzika watoto wake mwenyewe, pasipo jina. Kamati ya kitabu imejitahidi kuyatafuta majina hayo kwa wazee walio hai. Mengine yamepatikana katika daftari za ubatizo, ambako mama huandikwa kwa lazima.

Inabaki habari ya Jacob Wainwright, kwa sababu ndiye aliyerudi huku.

Huko Uingereza alizungumza katika mikutano na kusifiwa. Kisha baadhi ya waliomsifu wakaanza kuandika kwamba amekuwa na majivuno. Ni rahisi kuona kilichotokea. Neno mwaminifu lilikuwa limeshonwa kama kanzu ya mtumishi, na Jacob alikuwa mtu mwenye daftari lake, maoni yake na saini yake. Kanzu haikumkaa. Alirudi Afrika Mashariki, akafanya kazi kwa kipindi fulani na misheni ya Waanglikana Mombasa, na hatimaye akaja kwenye kituo cha London Missionary Society huko Urambo, magharibi ya Tabora, mji wa Mtemi Mirambo. Kituo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Dakta Ebenezer Southon wakati wa Mirambo mwenyewe. Southon alikwisha kufa mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa ajali, na Mirambo akafa mwaka 1884. Jacob Wainwright alifariki Urambo mwezi Aprili 1892. Miaka sita baadaye, mwaka 1898, kituo kilichukuliwa na Wamoravian, ndugu wa Walutheri katika Injili, ambao Kanisa lao limeenea katika Unyamwezi hata leo.

Kwa hiyo yule kijana aliyefika Kwihara na mizigo mwaka 1872, akarudi na maiti mwaka 1873, akaisindikiza mpaka Westminster, alimaliza safari yake katika mkoa huu huu wa Tabora. Njia ya misafara sasa ina reli iliyofika Tabora mwaka 1912, na miembe iliyopandwa katika enzi za misafara bado inawapa watu kivuli.

Na mtu ambaye hakuchonga jina lake mtini aliacha kitu kingine. Njiani alikuwa akiandika shajara. Ni maandishi ya mkono wa Mwafrika aliyeshuhudia kifo cha Livingstone na safari ya kuurudisha mwili wake. Tafsiri yake ya Kijerumani ilichapishwa mapema, mwaka 1874, halafu daftari lenyewe likakaa kimya muda mrefu huko Blantyre, Scotland, katika nyumba alimozaliwa Livingstone, likihifadhiwa kama kumbukumbu za mkubwa wake. Mwaka 2019 wataalamu walilitoa lote kwa njia ya intaneti, kurasa zake zikionekana kwa picha, na sasa mwanafunzi wa Tabora mwenye simu anaweza kuufungua mwandiko ule, akasoma habari za vijiji, mito, homa, mapigano na siku za kupumzika, kama zilivyoandikwa na mkono uliokuwa mmoja kati ya ile mikono yenye uaminifu, na juu yake, safari hii, pameandikwa jina: Jacob Wainwright.